Ramani ya sumu udongoni: Jinsi hatari ya metali nzito inavyokadiriwa

Mnamo Julai 2020, Mahakama ya Ardhi na Mazingira mjini Mombasa iliamuru wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, eneo la Mikindani, walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni kwa madhara ya sumu ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichopakana na nyumba zao. Mahakama iliagiza pia udongo na maji ya kijiji yasafishwe, na ikataja Sh700 milioni kuwa gharama ya kazi hiyo iwapo walioshtakiwa wangeshindwa kuifanya. Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo mwaka wa 2023, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarejeshea wakazi fidia yao.

Fidia hugawanywa kwa kuhesabu watu. Udongo haugawanywi hivyo. Tingatinga linapofika kijijini, dereva wake huwa na maswali mawili tu: nianzie wapi, na nichimbe hadi kina kipi? Macho hayawezi kumjibu, kwa kuwa udongo wenye risasi hauna rangi yake, harufu yake wala ladha yake. Jibu hutoka katika kazi ya kukadiria hatari na kuichora kwenye ramani, na kazi hiyo ina kanuni zake ambazo mwananchi wa kawaida anaweza kuzifahamu.

Metali nzito ni jina linalotumiwa kwa kundi la madini kama vile risasi, zebaki, kadimiamu, kromiamu, nikeli, shaba na zinki. Aseniki, ijapokuwa si metali kamili, huorodheshwa pamoja nayo. Shaba na zinki zinahitajika mwilini kwa kiasi kidogo. Risasi, zebaki na kadimiamu hazina kazi yoyote humo. (Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa madini haya na kwa kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki, kwani cha pili hutengenezwa kwa cha kwanza. Makala haya yanazungumzia madini.)

Tofauti kubwa kati ya metali hizi na uchafu mwingine ni kwamba haziozi. Mafuta yaliyomwagika ardhini huliwa na viini baada ya muda. Risasi hung'ang'ania chembe za mfinyanzi na mboji, ikakaa katika tabaka la juu la udongo vizazi na vizazi. Mgodi wa Kabwe nchini Zambia ulifungwa mwaka wa 1994, na hadi leo watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya kufungwa kwake wanapatikana na risasi katika damu. Kiwanda cha Owino Uhuru kilifanya kazi kuanzia mwaka wa 2007 hadi 2014. Kufungwa kwake kulizima moshi, si udongo.

Mtego wa wastani

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulilinganisha Owino Uhuru na mtaa mwingine wa Mombasa uitwao Bangladesh, ambao haukuwa na kiwanda kama hicho. Watoto 130 walio chini ya miaka mitano walipimwa damu, 65 kutoka kila mtaa. Asilimia 69 ya watoto wa Owino Uhuru walikuwa na zaidi ya maikrogramu 5 za risasi kwa kila desilita ya damu, wakilinganishwa na asilimia 28 ya wenzao wa Bangladesh. Kwa upande wa udongo, wastani wa Owino Uhuru ulikuwa miligramu 146.5 za risasi kwa kila kilo ya udongo. Ule wa Bangladesh ulikuwa miligramu 11.5.

Sasa hebu msomaji aitazame tena hiyo 146.5. Kwa miaka mingi Marekani ilitumia miligramu 400 kwa kilo kuwa kiwango cha tahadhari mahali wanapocheza watoto, na mwaka wa 2024 ikakishusha hadi 200. Wastani wa Owino Uhuru uko chini ya viwango vyote viwili. Afisa asiye na subira angeweza kuufunga mjadala hapo na kutangaza kwamba kijiji ni salama.

Angekuwa amepotoka vibaya. Watafiti hao walitoa pia kipimo cha jinsi matokeo yalivyotawanyika, nacho kilikuwa 5.2 kwa Owino Uhuru. Wastani uliotumiwa ni ule wa kijiometri, ambao huzuia sampuli chache zenye kiasi kikubwa mno zisiuvute wastani wote juu. Ili kupata eneo ambamo takriban thuluthi mbili za sampuli zinaangukia, 146.5 hugawanywa kwa 5.2, kisha huzidishwa kwa 5.2. Jawabu ni kati ya miligramu 28 na miligramu 762. Iwapo mtawanyo unafuata umbo linalotarajiwa kwa kawaida katika udongo uliochafuliwa, basi zaidi ya robo ya sehemu zilizopimwa zinavuka 400, na zaidi ya sampuli mbili katika kila tano zinavuka 200. Sampuli moja hivi katika kila sita inavuka 762.

Mtoto hachezi juu ya wastani. Huchezea mlango wa kwao, na mlango huo una miligramu 28 au una 800. Hii ndiyo sababu kijiji hakiwezi kuelezwa kwa tarakimu moja, na ndiyo sababu ramani inahitajika.

Sampuli huchukuliwa wapi?

Ubora wa ramani hautokani na kompyuta bali na mikono ya waliochota udongo. Njia iliyozoeleka ni kuligawa eneo katika miraba, kisha kuchukua sampuli katika kila mraba na kuandika mahali hasa ilipotoka kwa kutumia kifaa cha setilaiti. Miraba huhakikisha kwamba hakuna pembe inayosahaulika. Hata hivyo, miraba mitupu haitoshi. Ni lazima pia zichukuliwe sampuli kadhaa zilizokaribiana sana, hata hatua mbili tatu tu, ili ijulikane jinsi udongo unavyobadilika katika umbali mdogo. Pasipo sampuli hizo za jirani, mchora ramani hukisia asichokijua.

Kina nacho kina maana yake. Mkulima anayehofia kadimiamu katika sukumawiki hupima udongo hadi inapofika mizizi. Anayehofia afya ya mtoto hukwangua tabaka la juu kabisa, sentimita chache tu, kwa sababu ndilo linaloshika viganja. Mamlaka ya mazingira ya Marekani hupendekeza udongo uchekechwe na zipimwe chembe zisizozidi sehemu 0.15 za milimita, maana hizo ndizo zinazobaki katika ngozi na kuingia kinywani. Kuchanganya sampuli za kina tofauti katika mfuko mmoja ni kuipunguza sumu kwa karatasi tu.

Kisha kuna upepo. Moshi wa tanuri hauenei kama duara la maji lililorushiwa jiwe. Katika pwani yetu, Kusi huvuma kutoka kusini mashariki kwa miezi kadhaa na Kaskazi huja kutoka kaskazini mashariki kwa miezi mingine. Vumbi la kiwanda cha Mombasa, kwa hivyo, hutarajiwa kuangukia zaidi upande wa kaskazini magharibi na kusini magharibi. Mpimaji anayechota sampuli pande zote kwa usawa, bila kuujali mwelekeo wa pepo hizo, huenda akatumia nusu ya fedha zake mahali ambapo vumbi lilifika kwa uchache. Maji ya mvua na mitaro ya majitaka huongeza njia nyingine, nayo hufuata mteremko badala ya upepo. Viatu na nguo za wafanyakazi huleta ya tatu: vumbi linaweza kuingia katika nyumba iliyo mbali na kiwanda kwa sababu tu baba alifanya kazi huko.

Upimaji wenyewe hufanywa kwa namna mbili. Maabara huyeyusha udongo katika asidi na kupima kilichomo kwa usahihi mkubwa, lakini kila sampuli hugharimu fedha na siku. Kifaa cha eksirei cha kushikwa mkononi hutoa jibu kwa dakika moja hivi, papo hapo uani, ijapokuwa udongo wenye maji hukipotosha. Timu nyingi hutumia kifaa hicho kwa mamia ya sehemu, kisha hupeleka chache maabarani kukihakiki. Kwa maoni yangu, katika mitaa yetu vipimo vingi vya wastani vina faida kuliko vichache vilivyo sahihi mno, kwa kuwa tofauti ya uani na uani ni kubwa kuliko kosa la kifaa.

Kulinganisha na nini?

Kila udongo una metali kwa asili. Udongo uliotokana na miamba ya volkeno huwa na nikeli na kromiamu nyingi bila mkono wa mwanadamu. Mlima Mrima katika kaunti ya Kwale umejaa niobiamu na madini mengine adimu ambayo hakuna kiwanda kilichoyaleta. Kwa hiyo kabla ya kusema kwamba mahali pamechafuliwa, sharti ijulikane hali ya asili ya udongo wa aina ile ile.

Hapo ndipo fahirisi huingia. Mjerumani Müller alipendekeza moja mwaka wa 1969: kiasi kilichopatikana hugawanywa kwa kile cha asili kilichozidishwa mara moja na nusu, kisha hutazamwa jawabu hilo ni sawa na kuzidisha kwa mbili mara ngapi. Tukichukua 146.5 ya Owino Uhuru na kuifanya 11.5 ya Bangladesh kuwa kiasi cha asili, tunapata mara 8.5, yaani kuzidisha kwa mbili mara tatu na ushei. Katika ngazi za Müller, ambazo huanzia sifuri na kuishia sita, hiyo ni ngazi ya nne: uchafuzi mkubwa.

Fahirisi nyingine ni ya Lars Håkanson wa Uswidi, ya mwaka wa 1980. Yeye aliipa kila metali uzito kulingana na ukali wake: zebaki 40, kadimiamu 30, aseniki 10, risasi na shaba 5, kromiamu 2, zinki 1. Risasi ya Owino Uhuru ni karibu mara 12.7 ya ile ya Bangladesh. Ukizidisha kwa 5 unapata takriban 64, na katika jedwali la Håkanson jawabu lililo kati ya 40 na 80 huitwa hatari ya wastani.

Udongo ni ule ule, na tarakimu ni zile zile. Fahirisi moja inasema uchafuzi mkubwa, nyingine hatari ya wastani. Hakuna iliyodanganya. Müller aliuliza ni kiasi gani kimeongezeka, naye Håkanson aliuliza viumbe wa majini wataathirika kwa kiasi gani. Wote wawili walibuni hesabu zao kwa ajili ya matope ya mito na maziwa. Hakuna aliyekuwa akimfikiria mtoto anayetambaa kwenye sakafu ya udongo. Msomaji akutanapo na ripoti inayotangaza hatari ya wastani, aulize kwanza ni hatari kwa nani.

Isitoshe, Bangladesh si msitu usiokanyagwa. Ni mtaa wa watu wengi, na zaidi ya robo ya watoto wake walivuka maikrogramu 5. Ikiwa udongo wake nao umeongezewa risasi kidogo, basi kila mgawanyo tulioufanya hapo juu unaipunguza hatari ya Owino Uhuru.

Njia ya kuingia mwilini

Hatari ya afya hukadiriwa kwa kufuata njia ambayo sumu hupitia kutoka udongoni hadi mwilini. Kwa mtoto mdogo, njia kuu ni mdomo. Watathmini hukadiria kwamba mtoto humeza takriban miligramu 200 za udongo na vumbi kwa siku, kiasi kisichofika hata nusu ya kijiko kidogo cha chai, na uzito wake huchukuliwa kuwa kilo 15. Katika udongo wenye miligramu 146.5 kwa kilo, mtoto huyo humeza maikrogramu 29 hivi za risasi kila siku. Katika udongo wenye 11.5 humeza zaidi kidogo ya 2. Katika ua wenye 762 humeza 152.

Kwa metali nyingi kiasi hicho hulinganishwa na kile kinachoaminika kuvumilika, na jawabu likizidi moja, hatari inatangazwa. Kwa risasi mlango huo umefungwa. Hadi mwaka wa 2010, jopo la pamoja la mashirika ya umoja wa mataifa ya chakula na afya lilikuwa na kiwango cha kuvumilika cha maikrogramu 25 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Mwaka huo lilikiondoa baada ya kuona kwamba kiasi hicho chaweza kumpunguzia mtoto angalau pointi 3 za kipimo cha akili, na halikuweka kingine badala yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto wetu wa udongo wa 146.5 hupata karibu maikrogramu 14 kwa kilo ya mwili wake kwa wiki kutoka udongoni pekee, kabla ya kuhesabu maji na chakula.

Si risasi yote iliyomezwa inayoingia katika damu. Hutegemea aina ya chembe, na pia hali ya tumbo: mtoto mwenye njaa au aliyepungukiwa na chuma na kalisiamu hufyonza zaidi. Kwa sababu hiyo udongo mmoja huwadhuru maskini kuliko walioshiba, jambo ambalo ramani nyingi hazilionyeshi kabisa.

Ramani kutoka migodi ya dhahabu

Baada ya sampuli kupimwa, mchora ramani ana nukta kadhaa zenye tarakimu na nafasi tupu baina yake. Atajazaje nafasi hizo? Mbinu inayotumiwa zaidi ilizaliwa barani Afrika. Mhandisi Danie Krige wa Afrika Kusini alitaka kukadiria dhahabu iliyokuwa kati ya mashimo ya utafiti katika migodi ya Witwatersrand, na mwaka wa 1951 akachapisha hesabu zake. Mfaransa Georges Matheron aliziendeleza katika miaka ya 1960 na kuzipa jina la Krige. Leo hesabu zilizobuniwa kutafuta utajiri hutumiwa kutafuta sumu.

Msingi wake ni rahisi: sehemu zilizokaribiana hufanana kuliko zilizo mbali. Kila jozi ya sampuli hulinganishwa, na tofauti zao huchorwa kulingana na umbali. Kwa kawaida tofauti huongezeka kadiri umbali unavyoongezeka, kisha hufika mahali ikatulia. Umbali huo wa kutulia hutueleza sampuli moja inaweza kuzungumza kwa niaba ya eneo la ukubwa gani. Ikiwa ni mita 60 na sampuli zimeachana mita 200, ramani inayotolewa ni pambo la ukutani.

Uzuri wa mbinu ya Krige ni kwamba pamoja na makadirio, hutoa pia kiasi cha shaka kwa kila mahali. Kutokana na hayo mawili hupatikana ramani ya aina nyingine, ile isiyosema hapa pana miligramu 180, bali hapa pana nafasi 45 katika 100 za kuvuka 200. Ramani ya kwanza humwambia mwenye nyumba kwamba yuko salama. Ya pili humwambia kwamba usalama wake ni kama wa kurusha shilingi. Kwa uamuzi wa kuchimba, ni hii ya pili inayofaa.

Swali linalofuata si la wanahisabati tena. Nyumba yenye nafasi 30 katika 100 ichimbwe au iachwe? Kuna makosa mawili yanayowezekana: kuondoa udongo safi, ambako hugharimu malori, na kuacha udongo wenye sumu, ambako hugharimu akili ya mtoto. Makosa hayo hayalingani, na kwa hiyo si haki kuweka mpaka katika nafasi 50 kana kwamba yanalingana. Mpaka wa 20 au 25 ungekuwa na busara zaidi panapoishi watoto. Uamuzi wa namna hii unastahili kufanywa hadharani, wakazi wakiwapo, badala ya kufichwa ndani ya rangi za ramani.

Hata umbali kutoka kiwandani unahitaji tahadhari. Utafiti wa 2018 ulikadiria kwamba uwezekano wa kuwa na angalau maikrogramu 5 za risasi katika damu, kwa watoto walioishi chini ya mita 200 kutoka kiwandani, ulikuwa mara 33.6 ya ule wa walioishi mbali zaidi. Lakini kwa kuwa watoto waliopimwa walikuwa wachache, kadirio hilo lingeweza kuwa popote kati ya 7 na 153. Kuchora duara la mita 200 na kuwaambia walio nje yake wakalale usingizi ni kuutumia utafiti huo kinyume cha ulivyosema.

Jimbo la Zamfara nchini Nigeria lilionyesha mwaka wa 2010 ramani inavyoweza kuokoa maisha. Watoto zaidi ya 400 walikufa baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi kusagwa katika nyua za nyumba. Wataalamu walipita nyumba kwa nyumba na vifaa vya eksirei, wakatia alama nyua zilizochafuka, udongo wa juu ukaondolewa na kuzikwa, na udongo safi ukaletwa. Madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walisisitiza kwamba matibabu ya kuondoa risasi katika damu yangetolewa kwa watoto ambao nyumba zao zilikuwa zimesafishwa. Kumtibu mtoto kisha kumrudisha katika ua ule ule ni kazi bure. Kijiji cha Bagega kilisubiri kusafishwa hadi mwaka wa 2013.

Nchini Kenya, jaa la Dandora jijini Nairobi lilichunguzwa kwa niaba ya UNEP mwaka wa 2007. Nusu ya watoto 328 waliopimwa walikuwa na kiasi cha risasi katika damu kilichozidi maikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichokuwa kikitumiwa wakati huo. Tangu hapo Marekani imekishusha kiwango chake cha rejea hadi 5 mwaka wa 2012, kisha 3.5 mwaka wa 2021. Viwango hubadilika, na ndiyo maana vipimo ghafi, pamoja na mahali na kina cha kila sampuli, vinapaswa kuhifadhiwa na kupatikana kwa umma. Mwenye vipimo ghafi anaweza kuichora ramani upya mpaka unaposhuka. Mwenye picha ya rangi pekee hawezi.

Mwananchi anayeonyeshwa ramani ya mtaa wake ana haki ya kuomba nukta zilikochukuliwa sampuli zionyeshwe juu yake. Pasipo na nukta hapakupimwa, hata kama pamepakwa kijani. Aulize pia sampuli zilichukuliwa mwaka upi, maana ujenzi na mafuriko huuhamisha udongo, na kama sehemu zilizochimbwa zilipimwa tena chini ya shimo kabla ya kufukiwa.